Kipimo Kilichotajwa kwa Sauti

Fundi hakuwa mtu wa kutaja kipimo cha mteja kwa sauti. Hiyo ilikuwa sheria ya chumba chao cha kushonea, na aliishika tangu akiwa msichana wa kuokota pini sakafuni. Mteja alisimama mbele ya kioo, futi ikapita kiunoni, mabegani na chini ya kwapa, kisha fundi akageukia kitambaa na kuweka alama za chaki papo hapo, mdomo umefungwa. Vipimo alivibeba kichwani mpaka mkasi ulipomaliza kazi yake, halafu akavisahau, au akajitia kuvisahau. Wanawake wanene walimpenda kwa hilo. Walivuka mitaa yenye mafundi wengine kumfuata yeye.

Sheria aliipata kwa dada yake. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamkalisha mbele ya cherehani ya miguu kabla miguu yake haijafika vizuri kwenye kanyagio. Siku moja, fundi akiwa bado mwanafunzi, alipima nyonga za mke wa mwenye nyumba, akazitamka kwa mshangao mbele ya wateja waliokuwa kwenye benchi. Yule mama akakunja kitambaa chake, akaondoka, na kodi ya chumba ikapanda. Dada hakumpiga. Alimshika sikio akalipinda taratibu.

"Mwili wa mtu si habari ya kutangaza," alimwambia. "Ukiona ulimi unakuwasha, nenda kauze samaki sokoni, huko kelele inalipa."

Wakazeeka pamoja kwenye chumba hicho. Mdogo mtu akawa ndiye fundi, mwenye kukata na kupima. Dada akabaki kwenye cherehani ya zamani karibu na dirisha, akinyoosha mishono na kutia vifungo, mguu wake wa kulia ukikanyaga bila kukoma huku mdomo ukisengenya kwa upole. Alikuwa na kisukari. Alikuwa nacho miaka mingi, na kilimtii kwa sababu alikitii: vidonge asubuhi na jioni, kliniki kila alipoitwa, chai bila sukari huku akiiangalia ya mdogo wake kwa wivu. Kitu pekee kilichomchosha ni benchi la kliniki na muuguzi mmoja mwenye ulimi wa wembe, aliyemsema kama mtoto aliyejikojolea. "Wewe mama unakula nini wewe?" Dada alirudi kutoka huko amenuna, akashona hivyo siku nzima.

Mambo yalipoanza kuharibika, yalianza na koti.

Mtaani walimwita Profesa, na hakuna aliyewahi kuuliza alifundisha nini. Aliwahi kuuza matairi yaliyokwishatumika. Kisha akauza viwanja, mpaka wanunuzi walipokwenda kuviona wakakuta bwawa. Baadaye alipotea, na aliporudi alirudi na viatu vipya, sauti ya chini, na macho makavu yasiyojua aibu. Aliingia kwenye chumba cha kushonea akaweka kitambaa cheupe mezani.

"Nataka koti, fundi. Lifike gotini. Mifuko miwili mikubwa huku chini, na mmoja mdogo hapa kifuani, wa kalamu."

Fundi akauliza kama ni la daktari. Profesa akasema ni la mtu wa afya. Dada, bila kuinua macho kutoka kwenye vifungo vyake, akauliza huyo mtu wa afya alisomea wapi, maana yeye alidhani anakuja kuuza viwanja vya hospitali. Benchi zima lilicheka. Profesa naye alicheka, akamjibu dada kwamba ulimi wake ni mtamu kuliko dawa zake, na kwamba mimea haitoi vyeti.

Koti lilishonwa. Lilishonwa vizuri, na hapo ndipo penye ubaya. Ukosi ulilala, mabega yalikaa, mfuko wa kalamu ulinyooka. Fundi alitarizi hata jani la kijani kifuani kwa uzi wa hariri, kwa sababu aliombwa na kwa sababu aliona fahari kulitarizi. Udaktari wote wa mtu yule ulitoka kwenye cherehani ile. Kabla ya koti alikuwa mwuza matairi. Alipolivaa mbele ya kioo, mteja mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akamwamkia kwa heshima, akaanza kumweleza habari za mgongo wake.

Alikodi ukumbi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na viti vya plastiki, kipaza sauti, na meza yenye kompyuta iliyounganishwa na kijiti cha chuma. Mtu alishika kijiti, akasubiri, kisha ini na figo zake zikatokea kwenye kioo cha kompyuta zikiwa na rangi nyekundu. Hajawahi kutokea mtu mwenye ini zima kwenye mashine ile, kwa sababu mtu mwenye ini zima hanunui chupa. Na chupa zilikuwepo, zimepangwa nyuma yake kama askari: maji ya kijani yenye harufu ya majani yaliyovundikwa. Karatasi ya nje ilisema ni kirutubisho. Mdomo wa Profesa ulisema yanatibu kisukari, presha, uvimbe, utasa na mikosi. Kwenye karatasi alikuwa mwangalifu, kwa sababu karatasi inaweza kupelekwa mahakamani. Maneno ya ukumbini yaliishia ukumbini.

Dada alikwenda mara ya kwanza kwa dhihaka, ili apate cha kusimulia. Alirudi ametulia. Kule alikuwa amepewa kiti chenye mto. Walimwita malkia. Profesa alimshika mkono, akamsikiliza mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kumfanyia. Tuseme ukweli bila kumpunguzia mtu yule dhambi yake: aliuza heshima, bidhaa ambayo kliniki iliacha kuigawa bure. Lakini aliiuza ili apate kupitisha sumu, na anayepaka mafuta mkono anaotaka kuukata hana cha kujitetea.

Alimwambia dada kwamba vidonge vya hospitali vinakausha figo, na kwamba wale wa kliniki wanataka awe mgonjwa ili wasikose kazi. Muda mfupi baadaye fundi alikuwa akitafuta kifungo cha rangi ya maziwa kwenye kopo, akakuta pakiti za vidonge zimelala humo chini ya vifungo.

"Dada, hivi si vyako?"

"Viache humo. Hivyo vinaua watu kwa adabu."

Fundi alibisha. Lakini alibisha kama mdogo anavyobisha na aliyemlea, maneno mawili matatu kisha kumeza mate. Dada alimkata kauli kwa kusema kwamba yeye ndiye anayeujua mwili wake, na mbona siku hizi anajisikia mwepesi.

Kweli alikuwa mwepesi. Gauni la kazini likaanza kumpwaya, fundi akalipunguza. Likapwaya tena. Dada alijitazama kwenye kioo akigeuka huku na huku kama msichana, akasema kiuno chake kimerudi kutoka safarini. Alikunywa maji kutwa, chupa haikauki pembeni ya cherehani, na kila baada ya pindo moja alikwenda chooni. Profesa alikwishamweleza hayo: ni sumu inatoka. Macho yalipoanza kuona ukungu, nayo ilikuwa sumu inatoka. Hapakuwa na dalili ambayo mtu yule hakuwa ameiandalia jibu, na jibu lilikuwa lile lile.

Ndipo Profesa alipomfuata fundi. Alikuja na agizo la makoti kwa wauzaji wake wote, kazi ambayo chumba kile kilikuwa hakijaipata kamwe, na akaweka ombi juu yake kama mtu anayeweka kijiko juu ya sahani. Alitaka fundi aje ukumbini na futi yake. Ampime dada mbele ya watu, kisha asome kipimo cha sasa na kile cha zamani.

"Mimi nikisema, watasema natia chumvi," alisema. "Wewe wanakujua. Nusu ya kina mama wa mtaa huu wanavaa mkono wako. Futi yako hawaibishii."

Fundi akasema yeye hataji vipimo. Profesa akamgeukia dada. Na dada, aliyeitunga sheria ile, aliyelipinda sikio la mdogo wake kwa ajili yake, akasema sheria ni kwa ajili ya wanaoona haya na yeye haoni haya tena. Alitaka yasikike. Alitaka hata yule muuguzi wa kliniki ayasikie huko aliko.

"Nifanyie hilo, mdogo wangu. Maisha yangu yote nimekushikia taa, leo unishikie kipaza sauti."

Siku ya ukumbi viti vilijaa mpaka watu wakasimama ngazini. Dada alivaa gauni la zamani, lile la kabla hajaanza chupa, ili watu waone linavyoning'inia. Mwuzaji mmoja alishika simu juu, akirekodi. Fundi akaja mbele, akazungusha futi kiunoni mwa dada yake.

Pale mikono yake ilijua. Haikuhitaji shule. Mtu akipungua kwa kula kidogo na kutembea sana, hupungua tumbo na nyonga kwanza, na mabega yake hukaa. Huyu mabega yalikuwa yameanguka. Mifupa ya shingo ilisimama chini ya kitambaa kama hanga la nguo. Nyama ya mkono wa juu, ile iliyokuwa ikimpa fundi tabu kila alipokata mikono ya blauzi, haikuwepo. Fundi alikuwa amevisha wagonjwa wengi, wengine nguo zao za mwisho, na vidole vyake vilikwishazoea mwili unaojila wenyewe. Alisita. Profesa akasogea, akamwekea kipaza sauti mdomoni. Dada akamtazama, macho yakimwomba.

Akataja. Cha zamani kwanza, kisha cha sasa. Ukumbi uliripuka kwa makofi, watu wakainuka wakasukumana kuelekea kwenye meza ya chupa. Profesa alisema kwenye kipaza sauti kwamba daktari anaweza kudanganya, lakini futi ya fundi wenu haidanganyi. Na futi haikuwa imedanganya. Aliyedanganya ni yule aliyeieleza, na aliyemwachia aieleze ni fundi.

Tangu siku ile hapakuwa na mtu wa kumrudisha dada kliniki. Binti yake, anayefanya kazi ya uhasibu upande wa pili wa mji, alikuja akamsihi, hata akapiga magoti. Dada alimjibu kwa upole kabisa.

"Mama yako mdogo mwenyewe kanipima mbele ya watu. Unataka ushahidi gani tena?"

Binti akamgeukia fundi. Fundi aliinamia kitambaa cheupe cha makoti ya wauzaji, akasema kazi ni nyingi, watazungumza baadaye. Alivaa miwani ya mbao, mwanamke aliyekuwa akiona uzi uliolegea kutoka mlangoni.

Kisha ikaja pini. Kwenye chumba cha kushonea pini huanguka, ndiyo sababu hufagiliwa kwa sumaku kila jioni. Moja ilipita. Dada aliikanyaga kwa ndala nyembamba na mguu wa kulia, akaendelea kupiga cherehani mpaka jioni bila kuisikia, kwa sababu kisukari kilichoachwa bila lijamu kilikuwa kimekwisha kuua hisia za unyayo. Damu ndiyo iliyomwambia fundi. Ilikuwa imelowanisha ndala na kukauka kwenye kanyagio.

Alimvua ndala, akaichomoa pini, akasema wanakwenda hospitali sasa hivi. Dada akasema waanze kwa Profesa. Fundi, kwa mara nyingine tena, akamfuata. Profesa hakuinama hata kuutazama mguu vizuri. Alisema ni bahati kubwa, mwili umetafuta mlango wa kutolea uchafu, akawapa chupa nyingine ya kunywa na kumwagia kidonda. Jeraha likageuka jeusi pembeni. Likaanza kunuka. Wateja wakaanza kukaa karibu na mlango, na dada akasema ni harufu ya kitambaa kipya.

Siku dada alipoongea maneno yasiyoeleweka, akimwita mdogo wake kwa jina la mama yao, binti alikuja na gari, akambeba bila kumwomba mtu ruhusa. Hospitalini daktari, kijana aliyechoka, aliwaeleza kwa lugha isiyo na mapambo. Sukari imejaa kwenye damu na mwili hauwezi kuitumia, kwa hiyo mwili umekuwa ukila nyama yake. Ndiyo maana alikuwa anakonda. Akauliza kama hakuna mtu nyumbani aliyeona jinsi alivyokuwa akikonda.

Binti hakupandisha sauti. Kwenye korido, karibu na ndoo ya kupigia deki, alimwambia fundi, "Mama mdogo, wewe uliona. Wewe ndiye uliyepima."

Fundi alitoka pale akaenda moja kwa moja ukumbini. Kulikuwa na mkutano. Ukutani, juu ya shuka jeupe, alijikuta yeye mwenyewe: mkubwa kama mlango, futi mkononi, akitaja vipimo vya dada yake, na makofi yakilia. Profesa alikuwa ameifanya picha ile kuwa utangulizi wa kila mkutano. Fundi akasimama katikati ya viti, akasema mwanamke yule wanayempigia makofi yuko hospitalini, mguu umeoza, na kwamba alikonda kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu ya chupa. Akamwambia Profesa aifute picha.

Profesa hakutetereka hata kidogo. Alisema kwa huzuni kwamba mgonjwa aliacha chupa katikati, kama wengi wanavyofanya, akasikiliza maneno ya watu. Kisha akatabasamu.

"Na fundi wetu ana hasira, jamani. Mnajua kwa nini? Awamu hii makoti nimempa fundi mwingine."

Watu walicheka. Mwanamke mmoja, aliyevaa gauni la mkono wa fundi, aligeuka kwenye kiti chake akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Sasa tukuamini lini? Ulipopima au leo?"

Fundi alitolewa taratibu na vijana wawili wenye makoti meupe aliyoyashona yeye, na wakati wakimshika mikono aliona kwamba kwapa la koti la mmoja lilikuwa limembana. Alikwenda pia kwenye ofisi ya afya. Karani alimsikiliza, akaigeuza chupa, akamwonyesha kidole: imeandikwa kirutubisho, mama, si dawa, na sisi hapa tunashughulika na dawa. Kama mtu amesema vingine kwa mdomo, alete mashahidi. Fundi akasema shahidi ni yeye. Karani alikuwa amekwisha kuiona ile picha kwenye simu ya mkewe, akamtambua, akacheka kwa pua.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Uhai ulibaki. Macho hayakurudi yalivyokuwa.

Fundi alikwenda wodini na futi, maana dada alihitaji magauni mapya, marefu, yasiyobana kwenye kiti cha magurudumu. Alipima kimya kama alivyozoea, mabega, kifua, kiuno. Alipofika chini alisimama. Futi ilibaki mkononi.

"Taja," dada alisema.

Fundi akatikisa kichwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza nyuso zao.

"Taja kwa sauti. Siku ile ulitaja, na watu walikuwa wengi kuliko hapa. Anza na mguu mzima, kisha huu."

"Dada, wewe ndiye uliyeniomba."

"Niliomba kwa sababu nilikuwa mgonjwa na mjinga. Wewe ulikuwa mzima na unajua. Mimi nilipokupinda sikio, nilikupinda ili unipinge siku moja kama hiyo. Hukunipinga. Ulinivika kilemba cha ukoka mbele ya ukumbi mzima, mwanangu niliyekulea. Sasa taja."

Akataja vyote viwili. Hakuna aliyepiga makofi. Dada akageukia ukutani, na tangu wakati huo magauni hupelekwa na kurudishwa kupitia kwa binti yake.

Profesa yuko mji mwingine, na koti analovaa ni lile la kwanza, lenye jani la kijani, kwa sababu lilishonwa vizuri. Picha inaendelea kusambaa kwenye simu za watu. Kwenye chumba cha kushonea, cherehani ya karibu na dirisha imefunikwa. Wateja wanaokuja ni wachache, na wengi wao wanaleta nguo ya zamani ya kupimia ili wasiguswe na futi. Dada alipoteza mguu aliokanyagia cherehani na macho aliyotungia uzi. Fundi alimpoteza dada yake, ambaye yu hai, na anakaa umbali wa mitaa minne.